Talaka na malezi ya watoto mahakamani: hati ya baraza kwanza

Dada mmoja niliyemsaidia alikuwa ameshahudhuria mahakamani miezi saba. Mashahidi walikuwa wameshasikilizwa, ndipo hakimu akaitazama upya barua ya baraza la usuluhishi, lile linalojaribu kuwapatanisha wanandoa kabla ya kesi, na kuiondoa kesi. Akarudi kuanza moja, mtoto mgongoni. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na tangu siku ile kila anayenijia na habari ya talaka namuuliza karatasi hiyo kwanza. Ninayoeleza hapa ni ya Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971.

Hatua ya 1: Nyaraka

Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na karatasi za mali mliyochuma pamoja. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2, omba kwanza ruhusa ya mahakama.

Hatua ya 2: Baraza la usuluhishi

Nenda baraza la kata, au la dini yenu lililotambuliwa kisheria. Waislamu wengi hupitia BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Mwenzako ataitwa, msikilizwe wote wawili. Wakili haruhusiwi kukusemea humo.

Wakishindwa kuwapatanisha, wanakupa hati. Usiikunje ukatia mkobani. Isome palepale, mbele ya katibu.

Barua ya dada yule ilikuwa nusu karatasi ya daftari, wino wa muhuri umevujia kwenye tarehe, na sentensi moja tu: "Tunawaleta wahusika hawa kwenu kwa hatua zaidi." Hakuna mahali ilipotamka kwamba baraza liliwasikiliza likashindwa kuwapatanisha. Maneno hayo ndiyo roho ya hati. Yasipokuwepo, kesi yako imefunguliwa kabla ya wakati, na hata ukishinda, mwenendo wote unaweza kufutwa kwenye rufaa.

Dai Fomu Namba 3, ndiyo fomu rasmi ya hati hiyo, si barua ya utambulisho. Angalia tarehe: siku ya kufungua kesi, hati isiwe imepita miezi 6. Angalia waliokaa: baraza ni mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2. Hati ya mwenyekiti aliyekaa peke yake mimi siipokei, namrudisha mtu siku hiyohiyo.

Mwenzako akiitwa akagoma kwa makusudi, sheria haikufungii mlango. Vivyo hivyo akiwa amekutelekeza na hajulikani alipo, au anatumikia kifungo cha miaka 5 na zaidi. Hata hivyo, liombe baraza liandike aliitwa lini na mara ngapi. Hati ukiipata, itoe nakala tatu.

Hatua ya 3: Kufungua kesi

Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zinaweza kusikiliza shauri la ndoa. Mimi huwapeleka watu Mahakama ya Mwanzo: iko karibu, shughuli yote ni Kiswahili, na karani atakuelekeza. Omba yote kwa mkupuo: talaka, mgawanyo wa mali, watoto, matunzo.

Hatua ya 4: Ushahidi

Unathibitisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kama ulipigwa, leta PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na jirani aliyeona. Mama wa nyumbani asikubali kuambiwa hakuchuma kitu: tangu 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani ni mchango.

Hatua ya 5: Watoto

Mtoto wa chini ya miaka 7 hudhaniwa ni heri akae na mama, lakini dhana hiyo hupinduliwa kwa ushahidi. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Aliye na umri wa kujieleza husikilizwa pia, na tafadhali usimkaririshe maneno.

Mahakama inaweza kuagiza ripoti ya afisa ustawi wa jamii. Aliyefika kwa dada yule aliomba madaftari ya mtoto, akayafungua moja moja, kisha akauliza nani humpeleka kliniki. Jiandae kwa maswali ya namna hiyo.

Matunzo yaombe kwa hesabu: ada, unga, nauli, dawa. Ukisema tu "anisaidie", hakimu hana pa kushika. Na asiyekaa na watoto aombe siku za kuwaona zitajwe ndani ya amri, saa za kuwachukua na kuwarudisha zikiwemo.

Hatua ya 6: Baada ya hukumu

Omba nakala mapema, kwa sababu rufaa ina siku 45. Amri ya watoto na ya matunzo inaweza kubadilishwa baadaye hali ikibadilika, kwa maombi kwenye mahakama iliyoitoa.