Duka likikukataa ugenini: lini ni haki yao, lini ni ubaguzi

Kwenye milango ya mikahawa na maduka mengi ya Marekani utakuta kibao kinachosema mwenye biashara ana haki ya kukataa kumhudumia mtu yeyote. Wengi wetu tukikisoma tunaamini ndiyo sheria yenyewe, tunageuka na kuondoka. Kibao hicho hakina nguvu kiasi hicho. Ni kweli uhuru wa mwenye biashara ni mpana: anaweza kumtoa mlevi, anayewatukana wafanyakazi, aliyekuja bila viatu au mwenye deni la nyuma. Asichoruhusiwa ni kukukataa kwa zile sababu chache ambazo sheria imezitaja. Kwa hiyo ukikataliwa, jiulize mambo mawili: wamenikataa kwa sababu gani, na mwingine aliye katika hali kama yangu wamempokeaje?

Marekani, Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazikataza hoteli, mikahawa, vituo vya mafuta na kumbi za burudani kumbagua mteja kwa rangi, dini au asili ya taifa lake. Mwaka huohuo, hoteli ya Heart of Atlanta ilifika Mahakama ya Juu ikidai kuwa kuchagua wageni ni uhuru wake. Majaji wote waliikatalia. Sheria hiyo imeacha nje vilabu vya binafsi vya kweli, na nyumba za wageni zenye vyumba visivyozidi vitano ambamo mwenyewe anaishi. Maduka ya kawaida hayakutajwa humo, lakini ipo sheria ya 1866 inayompa kila mtu haki sawa ya kufanya mikataba bila kujali rangi yake, na kununua kitu ni mkataba. Angalia pia sheria za jimbo unaloishi, maana mara nyingi ndizo zenye meno. California, kwa mfano, ina Sheria ya Unruh inayokataza biashara kubagua wateja, ambayo fidia yake haipungui dola 4,000 kwa kosa moja.

Uingereza kuna Sheria ya Usawa ya 2010. Hii inauhesabu uraia pamoja na rangi na kabila, kwa hiyo mwenye nyumba akisema hapangishi kwa Wakenya au Watanzania amevunja sheria waziwazi. Marekani, asili ya taifa ni jambo moja, uraia au aina ya viza ni jambo jingine. Benki ikikuuliza viza yako, hilo peke yake halitoshi kuwa ubaguzi. Na hapa watu wengi hukasirika bila sababu, au hunyamaza wakati wana sababu. Mwenye nyumba wa England analazimishwa na sheria kuhakiki kama mpangaji ana ruhusa ya kuishi nchini. Kuombwa hati si tusi. Tatizo linaanza pale anapowaomba hati wenye majina ya kigeni tu, na wengine wanapewa funguo bila maswali.

Jambo linalozua ubishi mkubwa ni imani ya mwenye biashara. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwakatalia wenye hoteli moja ya Cornwall waliowanyima chumba wanaume wawili waliokuwa wapenzi, japo walisema dini yao ndiyo iliyowazuia. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ikawapa haki waoka keki wa Belfast, Ashers, waliokataa kuandika kwenye keki maneno ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja. Kule hotelini waliokataliwa ni watu. Kwa waoka keki kilichokataliwa ni ujumbe, ambao wangeukataa hata kama angeuagiza mtu mwingine yeyote. Mahakama ya Juu ya Marekani nayo, katika kesi ya kampuni ya 303 Creative ya 2023, iliamua kuwa mbunifu wa tovuti hawezi kulazimishwa kubuni kazi yenye ujumbe asiouamini. Kwa maoni yangu mpaka huu ni wa haki, na unatulinda na sisi pia. Mpiga chapa anaweza kukataa kauli ya siasa anayoichukia, ila hawezi kukunyima kadi za biashara kwa sababu wewe ni Mwislamu.

Sasa chukua mfano wa mlango wa klabu. Baunsa anakwambia leo ni wanachama tu. Hatua mbili nyuma yako wanapita vijana wanne, hakuna aliyeonyesha kadi. Usibishane kwa sauti, na ukiambiwa utoke, toka: ukibaki unaweza kushtakiwa wewe kwa kuingia mahali bila ruhusa, na dai lako likazama. Muulize kwa utulivu sababu ni nini, na kama hao waliopita ni wanachama. Kisha simama pembeni uandike saa, maneno yake kama alivyoyatamka, sura au jina lake, na namba ya simu ya yeyote aliyeshuhudia. Usikimbilie kurekodi sauti kwa siri. Ujerumani ni kosa la jinai, na baadhi ya majimbo ya Marekani yanataka ridhaa ya wote wanaozungumza. Picha za kamera za usalama ni jambo jingine. Uingereza na Umoja wa Ulaya una haki ya kuomba picha zako mwenyewe, na biashara inatakiwa ikujibu ndani ya mwezi mmoja. Omba kesho yake, kwa maandishi, kwa sababu nyingi hufutwa baada ya wiki chache.

Muda ndio unaowaangusha watu. Ujerumani una miezi miwili tu ya kudai fidia. England ni miezi sita kasoro siku moja kufungua dai mahakamani. Ontario, Kanada, ni mwaka mmoja kufika kwenye baraza la haki za binadamu. Malalamiko ya nyumba Marekani, kwa wizara ya nyumba, HUD, nayo ni mwaka mmoja.

Na sisi tunaofanya biashara huku tumo ndani ya sheria hizohizo. Mwaka 2007, mamlaka ya uwanja wa ndege wa Minneapolis iliamua kuwafungia leseni siku 30 madereva wa teksi, wengi wao Wasomali, waliokataa abiria waliobeba pombe kwa sababu ya dini yao. Wakirudia, miaka miwili. Dereva wa teksi Uingereza anayemkataa kipofu kwa sababu ya mbwa wake wa kumwongoza anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000, isipokuwa ana cheti cha msamaha wa kiafya. Ukimkataa mteja kwa sababu halali, mathalani ametukana wahudumu, andika siku hiyohiyo alichofanya na nani aliona. Akileta ushahidi unaoashiria ubaguzi, mahakama za Uingereza na Ulaya zitakugeukia wewe uthibitishe kuwa sababu ilikuwa nyingine.