Mboji ya Pamoja Kwenye Nyumba za Familia za Chuo: Jinsi Tulivyoianza, Hatua kwa Hatua

Ninaishi Dar es Salaam, kwenye nyumba za chuo wanazopewa watumishi wenye familia. Jengo letu lina kaya kumi na mbili, na kwa mwaka wa tatu sasa mabaki yetu ya jikoni hayapandi gari la taka kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Yanabaki hapa hapa, yanageuka mboji. Huko dampo, taka zinazooza zikirundikana bila hewa hutoa gesi ya methani, ambayo hulipasha joto anga kuliko hewa ya ukaa. Zikioza vizuri chini ya mwembe wetu, zinatupa mchicha.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Kwa wiki moja, kila kaya itenge ndoo mbili: moja ya vinavyooza, nyingine ya vilivyobaki. Azima mizani dukani, pima kila jioni, andika. Usiruke hatua hii. Majirani zangu hawakushawishika na maneno yangu ya mazingira, ila walipoona ndoo ya maganda ya ndizi, viazi na machicha ya nazi inavyoizidi uzito ile nyingine, mazungumzo yalibadilika.

Hatua ya 2: Kaa na dada wa kazi kabla ya kuitisha kikao

Hapa ndipo miradi mingi ya nyumba za chuo inapokufa. Wahadhiri tunaitisha kikao, tunakubaliana, tunabandika tangazo ngazini. Lakini anayemenya viazi na kushusha taka ni dada, na hakuna aliyemuuliza kitu. Mimi nilianza hivyo hivyo, na wiki ya pili ndoo zote zilikuwa zimechanganywa.

Nikateremka uani saa za kufua, nikaketi nao. Mmoja akaniuliza, "Mama, sasa hiyo ndoo ya pili nani ataiosha?" Swali la haki kabisa. Tulikuwa tumemwongezea kazi bila kumwomba. Wao wenyewe ndio waliopata jibu: sado yenye mfuniko badala ya ndoo kubwa, chini inatandikwa gazeti au majani makavu, na ikimwagwa inasuuzwa kwa maji kidogo tu. Wakataka pia zamu ya kushusha sado ihusishe watoto wa shule. Tukakubali yote.

Hatua ya 3: Mahali na kizimba

Omba ruhusa ya maandishi kwa wanaosimamia nyumba. Chagua kivuli, mbali na madirisha na karo, mahali maji ya mvua hayatuami. Jenga kizimba cha mbao au matofali yaliyoachiwa nafasi za hewa, mita moja kila upande na mita moja kwenda juu. Lundo dogo kuliko hapo halishiki joto. Chini kabisa tandaza matawi makavu, unene wa sentimita 15 hivi.

Hatua ya 4: Kupanga tabaka

Kila ndoo moja ya mabaki mabichi, ifunike kwa ndoo mbili hadi tatu za majani makavu. Vijidudu vinavyoozesha vinahitaji kaboni mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Majani makavu ndiyo kaboni, maganda na mboga ndiyo naitrojeni. Machicha ya nazi yana mafuta, yatawanye kidogo kidogo. Nyama, samaki na mafuta ya kukaangia visiingie, vinaita panya.

Majani makavu ndiyo yatakayokusumbua, amini. Masika ya kwanza lundo letu lilinuka mpaka jirani wa ghorofa ya kwanza akafunga madirisha siku tatu. Mabaki mabichi yalikuwa mengi, mvua inanyesha, na majani yote ya kiangazi yalikuwa yamefagiliwa na kuchomwa moto. Tulimwomba radhi jirani, kisha tukamwendea mzee anayefagia uwanja, tukamwomba asichome tena. Sasa anajaza salfeti tunazompa, nasi tunazihifadhi chini ya ngazi hadi mvua zije. Kila mwezi kaya zinamchangia kitu, kwa kuwa ni kazi ya ziada.

Hatua ya 5: Maji, hewa, joto

Chukua konzi ya mboji uikamue. Ikichuruzika, ongeza majani makavu. Ikipukutika, nyunyiza maji. Pindua lundo kila wiki au mbili, nje iende ndani. Likikaa sawa, baada ya siku chache katikati hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Choma kijiti kirefu katikati, kikitoka cha moto, uko vizuri. Harufu ya yai viza maana yake hewa haipiti: pindua na kavusha. Wakati wa mvua funika kwa turubai.

Hatua ya 6: Kuvuna na kugawa

Baada ya miezi mitatu hivi itakuwa nyeusi, yenye harufu ya udongo wa msituni. Chekecha. Changanya na udongo, panda mchicha na matembele kwenye salfeti. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Kwetu mgao huanza na madada na mzee wa uwanja, kisha kaya.

Hatua ya 7: Familia zinapohama

Nyumba za chuo hazikai na watu wale wale. Huyu anakwenda masomoni, yule mkataba umekwisha. Kwa hiyo sado zetu zimeandikwa namba ya nyumba kwa rangi. Familia ikihama, sado inabaki chini ya sinki, na wiki ya kwanza dada wa mlango wa pili anapita kumwonyesha mwenzake mgeni gazeti linatandikwaje na lundo liko wapi.