Faili zikiharibika kwenye Linux mpya, pima RAM kwanza

Kompyuta mpya ya Linux ikileta makosa ya faili kila baada ya siku mbili tatu, usikimbilie fsck (amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili) wala kufomati. Washa memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi (toleo la 6 na kuendelea linakubali UEFI, mfumo wa kuwashia kompyuta za kisasa) uiache usiku kucha. Kosa moja tu likitokea, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) haifai kuaminiwa. Data hupitia humo kabla ya kuandikwa diskini. Biti (0 au 1 ya data) ikigeuka, hata diski isiyo na hitilafu itahifadhi kosa hilo kama lilivyo. Tena fsck ikiendeshwa juu ya RAM mbovu inaweza kuvuruga hata palipokuwa pazima. Hapa Wete nimefomati mara tatu bure, kumbe ni kijiti kimoja cha RAM kati ya viwili! Kwa hiyo pima kimoja kimoja, kisha ukihamishie sloti ya pili, maana huenda sloti ndiyo mbovu. Kipimo hiki hakioni kebo ya SATA (ya kuunganisha diski) iliyolegea, diski inayokufa, wala madhara ya umeme kukatika faili zikiandikwa. Kwa hayo tazama dmesg (ujumbe wa kernel, kiini cha Linux) na smartctl (hali ya afya ya diski). Raundi moja safi haitoshi, RAM nyingine hukosea ikishapata moto.