Kuhesabu fotoni mojamoja katika joto la Mombasa

Anza na giza. Funga kigunduzi cha silikoni, kifaa kinachotoa pigo la umeme kikinasa fotoni (chembe ya mwanga), ndani ya boksi la chuma, leza ikiwa imezimwa, uhesabu mapigo yake ya umeme kwa dakika 10. Mapigo hayo yote ni ya uongo, mengi yakiletwa na joto linalorusha elektroni. Huongezeka maradufu kwa karibu kila nyuzi 8: kinachotoa 200 kwa sekunde kwenye nyuzi 20 kitatoa kama 480 kwenye nyuzi 30 za Kaskazi. Usiamini utepe mweusi wa kuzibia; mwingine hupitisha infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na silikoni huiona.

Kukipoza kwa Peltier, kibamba cha umeme chenye upande wa baridi na wa moto, kunasaidia sana, ila hapa pwani umande ndio adui. Bamba lililo chini ya nyuzi 20 hulowa upesi, na maji kwenye dirisha la kigunduzi hutawanya mwanga na kuvujisha umeme. Tia silika jeli, ziba viungo kwa raba, uache boksi likauke usiku kucha kabla ya kuwasha kipoza. Upande wa moto ukae nje ya boksi, na feni juu yake.

Leza nyekundu ya miliwati 1, nanomita 650, hutoa takriban fotoni 3.3 × 10¹⁵ kwa sekunde. Kichujio kinachopunguza mara 10,000 na viwili vya mara 1,000 vitakuachia 330,000. Pima kila kichujio peke yake kwa leza hiyohiyo, kwa sababu vikishapangwa pamoja mita ya kawaida haisomi kitu. Viinamishe kidogo, mwanga usirudirudi kati yake.

Baada ya kila pigo kigunduzi hupofuka, tuseme nanosekunde 50. Ukisoma 2,000,000 kwa sekunde, gawanya kwa 0.9 upate karibu 2,220,000. Hesabu ya giza itolewe baada ya sahihisho hilo.

Sasa pima vipindi vingi vya milisekunde 10. Wastani ukiwa 1,320, vipimo vipishane nao kwa kama 36, kipeuo chake cha pili. Vikizidi sana, leza inayumba au kigunduzi kinarudia mapigo yake.

Wengi hukosea hapa: leza iliyofifishwa si chanzo cha fotoni mojamoja. Kwa wastani wa fotoni 0.1 kwa kipindi, katika kila vipindi 20 visivyo vitupu, kimoja hivi kina mbili au zaidi. Weka kioo kinachogawa mwanga nusu kwa nusu na vigunduzi viwili, kisha gawanya idadi ya mapigo yanayotokea kwenye vyote viwili kwa wakati mmoja kwa ile inayotarajiwa kwa bahati tu. Leza itatoa 1 hata uififishe vipi. Fotoni moja haiwezi kuliza vigunduzi vyote viwili, kwa hiyo chanzo chake hushuka chini ya 0.5.