Wafundisheni wanafunzi kuuliza swali la pili
Mwalimu wa kidato cha kwanza hapa Dar es Salaam, ambaye darasani mwake wamekutana watoto wa Mbagala, Tandika na Kigamboni wasiofahamiana, awafundishe kuuliza swali la pili linalotokana na jibu walilolisikia. Mwenzake akisema kwamba huvuka kwa pantoni kila asubuhi, mwanafunzi asirukie habari zake mwenyewe, bali amuulize huamka saa ngapi, au hufanya nini foleni inapokuwa ndefu. Kisha kila mmoja alieleze darasa habari za mwenzake, kwani hapo ndipo usikivu hupimwa kwa haki. Zoezi lianze kwa Kiswahili, lugha waliyosomea wengi wao shule ya msingi, kwa sababu woga wa Kiingereza huwanyamazisha hata wenye mengi ya kusema.