Kufundisha Usomaji wa Grafu kwa Vichekesho, Hatua kwa Hatua

Mwanafunzi akionyeshwa grafu hutazama kwanza umbo lake, na mara nyingi huishia hapo hapo. Kichekesho kizuri humrudisha kwenye mihimili, mradi jambo linalochekesha liwe limejificha kwenye mhimili wenyewe, si kwenye kibonzo kilichobandikwa pembeni.

Hatua ya 1. Chora ubaoni grafu ya nguzo mbili yenye kichwa "Mbuzi wa Bibi Anenepa Mara Tatu kwa Wiki Moja". Uzito wa Jumatatu ya kwanza uwe kilo 40, na wa Jumatatu iliyofuata kilo 41. Anzisha mhimili wima kwenye kilo 39.5 na uipe kila kilo sentimita 20, ili nguzo ya kwanza ipande sentimita 10 na ya pili sentimita 30. Namba za mhimili ziandikwe wazi, kwani ukizificha utakuwa unawatega wanafunzi, hufundishi.

Hatua ya 2. Waache wacheke na wabishane huyo mbuzi amelishwa nini, kisha uliza: "Ni namba ipi ubaoni inayomnenepesha?" Usiridhike na jibu kwamba grafu inadanganya, kwa sababu kila namba iliyoandikwa ni ya kweli. Mwanafunzi aje mbele, aguse 39.5, na aeleze kwa maneno yake kwamba sehemu kubwa ya kila nguzo imekatwa, hivyo jicho linalinganisha mabaki tu. Usiharakishe hapa, maana ndipo somo lilipo. Akishaeleza, ichore upya kuanzia sifuri, kila kilo sentimita 2: nguzo zitafika sentimita 80 na 82.

Hatua ya 3. Geuza mhimili wima, sifuri ikae juu, kisha onyesha idadi ya wanaosinzia kipindi cha baada ya chakula cha mchana "ikiporomoka" kadiri wiki zinavyosonga. Baada ya kicheko, waeleze kwa utulivu kwamba mwaka 2014 shirika la habari la Reuters lilitoa grafu ya mauaji ya bunduki katika jimbo la Florida, Marekani, iliyopangwa hivyo hivyo, na wasomaji wengi wakadhani mauaji yalipungua baada ya sheria ya kujilinda ya 2005, ilhali yaliongezeka. Vifo vyenyewe visifanyiwe mzaha.

Hatua ya 4. Zuia mapema kanuni ya kukariri kwamba kila mhimili lazima uanze na sifuri. Nguzo husomwa kwa urefu wake, kwa hiyo zinahitaji kuanzia sifuri. Lakini grafu ya mstari ya joto la mwili ikianzia sifuri, kupanda kutoka nyuzi 37 hadi 39 kutaonekana kama si kitu, na mgonjwa ana homa kali.

Hatua ya 5. Kila jozi ya wanafunzi itunge grafu yake ya kuchekesha kwa takwimu za kweli za darasani, na jozi ya jirani iandike sentensi moja inayotaja mhimili, namba na athari yake.