Kushuka loki za Tardebigge bila kukalia kizingiti

Tardebigge, kwenye mfereji wa Worcester na Birmingham nchini Uingereza, ina loki 30 mfululizo. Tenga saa nne au zaidi. Loki ni chumba cha maji chenye milango huku na huku. Ukiwa unashuka kwa boti, hatari iko nyuma yako: kizingiti kilicho chini ya mlango wa juu.

Ingia polepole chumba kikiwa kimejaa, kisha funga mlango wa juu na vilango vyake vya maji (vipenyo vya kuingiza au kutoa maji). Sogea mbele mpaka tezi (sehemu ya nyuma ya boti), pamoja na usukani, ipite mstari mweupe uliopakwa ukingoni. Fungua kilango cha chini nusu kwa hendo (mpini wa kuzungushia), halafu ichomoe. Ukiiacha na meno ya gia yakiteleza, hendo itazunguka ghafla na kuvunja mkono. (Beba mbili. Ikidondoka majini, ndiyo basi.) Kamba izungushe nguzo mara moja, usiifunge: maji yakishuka, boti itaning'inia.

Tezi ikikalia kizingiti, omo (sehemu ya mbele) huinama haraka. Paza sauti, funga vilango vya chini kwanza, ndipo ufungue vya juu taratibu. Usijaribu kuisukuma boti.